Ngoma Kavu kwa Sinema ya Mvua

Niliwahi kufanya kazi kwenye sinema ya Kihindi bila kutoka nje ya mkoa wa Singida. Najua ukisikia hivyo utasema huyu mama ameanza, lakini kaa nikueleze, maana nimechoka kuieleza sokoni kwa vipande, halafu kila mtu anaondoka na kipande chake kwenda kukitia chumvi. Kuna watu huku wanaamini nilicheza na yule mwigizaji mkuu kwenye majani. Sikucheza. Nilikuwa kwenye stoo ya alizeti, na kuku.

Kazi yangu ya kila siku ni cherehani. Nimeiweka kwenye baraza ya duka la vitambaa hapa mjini, miaka mingi sasa. Mwenye duka ni mama wa Kihindi, mjane, Mhindu, kazaliwa hapahapa Singida, na baba yake vilevile. Kiswahili chake ni hiki hiki chetu, na Kinyaturu chake kinanishinda mimi Mgogo wa Itigi. Namwita Mama. Kila asubuhi nampa shikamoo, naye anaitikia marahaba huku macho yake yakikagua kama nimefagia mbele ya mashine yangu.

Kazi yangu nyingine, ile ya moyoni, ni ngoma. Napiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ile yenye kiuno chembamba ambayo mpigaji anaibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Nimefundishwa na mama yangu mzazi. Enzi zake alikuwa na kikundi cha wanawake saba, na hakuna harusi ya maana Itigi iliyofungwa bila wao. Sasa vidole vyake vimevimba kwa baridi yabisi. Wenzake wengine wametangulia, wengine wamefuata watoto wao mijini, na kikundi kikafa. Ngoma ikabaki kwangu.

Nilihangaika nayo kwenye harusi za mjini, peke yangu, mpaka siku ambayo mshereheshaji alinipa dakika tatu wakati wageni wananawa mikono. Dakika tatu, jamani, na bado yule wa muziki akaniwekea spika zake juu kabla sijafika ya pili. Nilirudi nyumbani nimefura, nikampigia mama simu nikamwambia naacha. Nitabaki na cherehani. Mama yangu akasema basi nimrudishie ngoma yake, isije ikawa kigoda cha watoto. Tukakubaliana nitaipeleka Itigi mwisho wa mwezi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini siku ile nilimaanisha, na roho iliniuma kama nimepanga msiba.

Ilikuwa Julai. Anayeijua Singida ya Julai anajua: upepo, vumbi, baridi ya asubuhi inayokata masikio, na ukavu mpaka midomo inapasuka. Ngoma inaupenda ukavu huo. Ngozi inakaza yenyewe na sauti inatoka safi. Mchana mmoja wateja hawakuwepo, nikaibana ngoma palepale barazani nikaipiga kwa hasira za kuagana. Mama wa dukani akatoa simu, akanirekodi, akamtumia mpwa wake wa Mumbai. Wala usidhani alikuwa na mpango. Huyo mpwa anatumiwa kila kitu: picha za paka, sala za asubuhi, hata vitunguu vikiwa vizuri sokoni anatumiwa picha.

Mpwa mwenyewe, mtoto wa dada yake, ndiye anayepanga muziki wa sinema kule. Si mkubwa sana, Mama alikiri, lakini si wa kuokotwa. Na wiki ile alikuwa ameshikwa pabaya. Kwao ilikuwa masika, na masika yao si haya yetu ya kuomba na kubembeleza. Alipiga simu ya video kabla sijamaliza pindo la gauni nililoshika, nikamwona amekaa juu ya meza, miguu ameiweka kwenye kiti, kwa sababu sakafu ya studio ilikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo. Nyuma yake jamaa mmoja mnene alikuwa amesimama na mwavuli, ndani ya nyumba, ameufunika ule mtambo wao wenye vitufe mia, maana dari lilikuwa linavuja hapohapo. Wanawake wawili waliokuja kununua vitambaa waliingiza vichwa vyao kwenye simu, wakatazama ile mvua inavyomwagika dirishani, na mmoja akasema kwa uchungu kabisa kwamba Mungu ana upendeleo.

Shida ya mpwa ilikuwa ngozi. Kwa unyevu ule ngoma zote za Mumbai zilikuwa zimelegea. Ukiipiga inaitika pwe, kama unapiga donge la unga. Naye alikuwa na wimbo ambao mwigizaji wa kike anapanda juu ya paa kabla ya mvua ya kwanza, na mwongozaji wa sinema alitaka isikike ngoma kavu, kavu kama ardhi inayosubiri, halafu mvua ndiyo iijibu. Mpwa alimtengenezea ngoma ya kompyuta. Mwongozaji akaikataa, akasema haina jasho. Ndipo ikaingia video yangu. Alitaka ngoma ile, vilevile ilivyo, ila ipigwe kufuata wimbo wake, na aipate kesho yake. Kesho yake jioni watu wote walikuwa wanaondoka na magari kwenda milimani kuiwahi mvua kubwa iliyotabiriwa, na wimbo ulitakiwa uwe tayari ili waigizaji waucheze. Mwisho ulikuwa saa kumi na moja jioni kwao, ambayo kwetu ni saa nane na nusu mchana. Ikipita hapo, anatia ya kompyuta, mwongozaji atake asitake.

Sasa nikwambie ukweli: kichwa kilivimba. Nilisema moyoni, wakinikubali hawa, ngoma haiendi popote, inabaki Singida. Wakinikataa na hawa, basi ni kweli muda wake umekwisha na mimi nitakuwa nimeuliza mpaka ng'ambo. Hilo nililisema moyoni tu. Mengine yote niliyasema kwa sauti. Nilimwambia muuza mkaa, nikamwambia kinyozi, nikaiambia kwaya yetu nzima ya kanisani, na kabla jua halijazama bodaboda wa stendi walikuwa wananiuliza ndege yangu inaondoka saa ngapi.

Asubuhi tuliingia stoo nyuma ya duka. Ilikuwa imejaa magunia ya alizeti mpaka juu, msimu ndio huo, na fundi mitambo wa kwaya yetu, mtu mzima mwenye wasiwasi wa kuzaliwa nao, alisema magunia yanameza mwangwi kuliko studio yoyote. Alitandaza nyaya zake, akasimamisha maikrofoni, akaweka kompyuta juu ya gunia. Ngoma nilikuwa nimeianika uani tangu jua linachomoza. Tatizo likawa mashine ya jirani ya kukamua alizeti, ambayo ikinguruma hata meno yako yanatikisika. Mama akaenda mwenyewe. Sijui aliwaambia nini, ila mashine ilizimwa, na tukaahidi mpaka saa nane na nusu, si dakika ya ziada. Tatizo la pili likawa kuku, tetea mwekundu aliyejichagulia kiota katikati ya magunia. Tulimtoa mara tatu, akarudi mara nne. Fundi akasema tumwache, anaonekana mtulivu.

Mkalimani wetu alikuwa Mama. Kwa mpwa wake alitumia Kigujarati cha nyumbani, hakuna shida. Lakini mwongozaji, mzee mmoja mwenye ndevu aliyekaa naye kwenye simu ya video, alitaka kuongea Kihindi, na Kihindi cha Mama chote kilitoka kwenye sinema za ujana wake. Hakujifunza kingine popote. Kwa hiyo kila alichotafsiri kilitoka na machozi. Nikisema naomba maji ya kunywa kwanza, Mama anaweka kiganja kifuani, anageuza uso pembeni, anamwambia yule mzee maneno marefu kwa sauti ya mtu anayeachwa kituo cha treni. Niliona mpwa anauma kidole asicheke. Mwongozaji hakucheka. Alikuwa anamwitikia kwa adabu zote, na mwisho nilimwona anafuta miwani yake.

Tukaanza. Niliwekewa hedifoni, na humo ndani wimbo ulikuja mtamu, jamani, vinanda vinakuita kabisa. Ila chini yake kulikuwa na mlio mmoja, tiki, tiki, tiki, kama saa ya ukutani, na fundi akasema huo ndio wa kufuata. Nikaufuata. Nikapiga vizuri, mwili ukapata moto, nikafunga macho, nikafika mwisho nikasubiri sifa. Mpwa akakuna kichwa. Mama akatafsiri, safari hii bila machozi, kwamba nimemaliza kabla ya wimbo.

Tukarudia. Nikamaliza tena kabla ya wimbo. Mara ya tatu nikajitahidi kujizuia, ikatoka ngoma ya mgonjwa. Mara ya nne nikawashinda kwa mbali. Mpwa akaniambia, kwa heshima, kwamba nakimbia, na mimi hasira zangu zikanipanda, nikamjibu kwamba sikimbii, mashine yake ndiyo imelala. Sijui Mama alitafsirije, ila mwongozaji aliinamisha kichwa kama ameambiwa habari za kifo.

Lakini tatizo lilikuwepo, nalo halikuwa ukaidi wangu peke yake. Muheme hatujafundishwa kwa kuhesabu. Unapiga huku unamtazama mwenzio, na mwenzio anakutazama, na furaha ikipanda inapanda na mwendo. Anayekuzuia usipotee ni yule wa mbele yako. Mama yangu aliniambia tangu mdogo nisiitazame ngoma, nitazame watu. Sasa pale stoo nilikuwa natazama gunia. Kwa nini nisikimbie? Nilikuwa nakimbia peke yangu miaka mingi bila kujua, kwa kuwa kwenye harusi hakuna aliyenisikiliza mpaka akaona.

Saa nane kasoro robo tulikuwa tumekwisharudia mara sita. Kule Mumbai watu walikuwa wanabeba masanduku wamepandisha suruali magotini. Mpwa alisema maneno ya upole sana, na nikajua maana yake kabla hayajatafsiriwa. Alisema kosa si langu. Angetumia ya kompyuta.

Niliivua ile hedifoni. Nikafuta machozi haraka, nikaona haya, mtu mzima kulia mbele ya fundi na kuku. Nikaachanisha mapaja, nikaiweka ngoma pembeni, nikamwambia Mama basi, nampelekea mama yangu ngoma yake Jumamosi.

Mama aliniangalia, akamwambia mpwa wake neno moja kali la Kigujarati, na yule kijana aliyekuwa ananyoosha mkono kuzima simu akaurudisha. Kisha akavua kandambili. Akavua bangili, moja baada ya nyingine, kumi na kitu, akampa fundi mitambo, naye kwa kuogopa kuzipoteza akazivaa zote mkononi. Akaichukua hedifoni akaivaa yeye juu ya mtandio wake.

"Hiyo tiki-tiki nitaisikia mimi," akasema. "Wewe nitazame miguu."

Nilijua Mama hucheza. Kila mwaka kuna zile siku zao tisa ambazo wanawake wa Kihindu huzunguka wakipiga makofi mbele ya mungu wao wa kike, na tangu akiwa msichana hajakosa hata moja. Aliwahi kuniambia kwamba zamani hapa mjini duara lilijaa mpaka likatoka uani. Familia zimehama, wengine Dar, wengine Ulaya, na mwaka uliopita walikuwa wanne. Wanne hawafanyi duara, alisema, wanafanya foleni. Lakini kumwona anacheza sikuwahi. Ni mwanamke aliyekwishapita miaka sabini, magoti yake yana mgogoro wa kudumu na ngazi za duka.

Fundi akaanzisha wimbo. Mimi sikusikia chochote. Niliona tu nyayo mbili kwenye saruji, peku, bila sauti hata kidogo, zinakwenda mbele mbili, nyuma moja, zinageuka. Nikaingia. Mwanzoni nilikuwa namfuata kwa hofu. Halafu nikamwelewa. Kila nilipotaka kukimbia, mguu wake ulikuwa bado uko hewani, na ilinibidi niusubiri utue. Nikausubiri. Weee! Utamu ulioingia kwenye kule kusubiri siwezi kukueleza. Nikainua macho nikamwona uso, amekunja midomo ndani kama msichana anayezuia kicheko, jasho linamtoka kwenye paji, na fundi mitambo yuko nyuma yake na bangili zake amebana mkono kifuani zisilie. Nikamfuata na kumwita na kumjibu. Hatukukimbia. Tulifika mwisho pamoja, kiganja changu cha mwisho na kisigino chake, na palepale, kwenye ule ukimya mtakatifu, kuku akataga. Akatangaza. Akatangaza kwa nguvu zake zote, kwenye maikrofoni.

Kwenye simu mpwa alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Moja tena, tafadhali," akasema hatimaye. "Bila kuku."

Saa nane na dakika kumi. Fundi alimbeba tetea kwapani na kumshika mdomo kwa vidole viwili, Mama akapangusa jasho kwa ncha ya mtandio, tukarudia. Nilidhani haiwezi kutoka tena. Ikatoka nzuri zaidi, maana sasa hakuna aliyekuwa anamwogopa mwenzake, na kulikuwa na mahali katikati ambapo Mama alizunguka mara mbili badala ya moja, kwa makusudi, kunichokoza, nami nikamjibu kwa vidole. Tulipomaliza nilitazama simu. Yule mnene wa mwavuli alikuwa anacheza. Anacheza kwenye maji, yanamrukia mpaka kiunoni, mwavuli anauzungusha juu, na mtambo wa vitufe mia unanyeshewa, na mpwa anampigia kelele arudi huku yeye mwenyewe mabega yanatikisika. Mwongozaji alisimama akaunganisha viganja mbele ya uso wake akamwinamia Mama, akasema kitu. Nilimwomba Mama atafsiri. Akakataa. Akasema si ya kutafsiriwa, na akawa mwekundu mpaka masikioni.

Tukatuma. Mtandao ukatambaa, fundi akawa anaisomea ile kompyuta kama anaombea mgonjwa, ikafika mwisho saa nane na dakika ishirini na sita. Mashine ya jirani ikawashwa, ikanguruma, na sisi watatu tukabaki tumekaa kwenye magunia tunacheka hovyo bila kusikiana. Mama alikuwa bado amevaa hedifoni.

Jumamosi nilikwenda Itigi, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi, na ngoma nikaibeba, kwa kuwa nilitaka kumwambia mama ana kwa ana kwamba siiachi tena. Mpwa alikuwa ametuma kipande cha wimbo, kimeunganishwa na vinanda na sauti ya mwimbaji. Njia nzima nilipanga jinsi nitakavyosimulia: Mumbai, maji, mwavuli, sinema. Nilimkuta mama kwenye mkeka anachambua choroko. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikaanza kusimulia kwa mbwembwe zote, akaniinulia mkono ninyamaze. Alitaka kusikia ngoma.

Nikamwekea simu sikioni. Aliisikiliza hadi mwisho, akaniashiria nirudishe mwanzo, akaisikiliza tena amefumba macho. Vidole vyake vile vilivyovimba vilikuwa vinatembea juu ya choroko. Nilimtazama usoni nikitafuta kama amependa, na niliogopa kuliko siku ile stoo.

Akafungua macho akaniuliza tulikuwa wangapi. Nikamwambia nilikuwa peke yangu, mama, ngoma ni hii moja. Akasema nisimdanganye, yeye si mtoto, kuna mtu nilikuwa namsubiri, anasikika kabisa. Nikamweleza habari za Mama wa dukani, zile nyayo, na mguu uliokuwa unabaki hewani mpaka niusubiri. Aliuliza ana umri gani. Nikamwambia. Akauliza kama ana wenzake. Nikamwambia walibaki wanne.

Mama yangu akaivuta ngoma, akaipangusa vumbi la safari kwa kiganja, akaigonga mara moja kwa kifundo cha kidole, kwa maumivu, nikaona. Kisha akaisukuma mpaka kwenye mapaja yangu.

"Rudi nayo," akasema. "Na ukiondoka hapa usichelewe njiani. Umemwacha mwenzio mguu juu."